Akili mnemba na picha za ubongo mjini Kigali

Akili mnemba katika picha za ubongo ni matumizi ya programu za kompyuta zilizofundishwa kwa mifano mingi ili kupima na kulinganisha kinachoonekana kwenye picha za MRI (za sumaku), CT (za eksirei) na PET. Katika magonjwa ambayo seli za neva hufa polepole na hazirudi, kama vile Alzheimer na Parkinson, programu hizo hutakiwa kuona upungufu mdogo kabla jicho la daktari halijauona, na kuupima kwa kipimo kilekile kila mara. Kigali inastahili makala yake katika somo hili kwa sababu ya pekee: mji huu umetangulia mbali kwa walimu, sera na mikutano ya akili mnemba, huku picha za kuifundishia zikibaki nyuma.

Kinachopimwa

Mfano unaojulikana zaidi ni hipokampasi, sehemu iliyojikunja ndani ya ubongo, moja kila upande, ambayo huhusika na kuweka kumbukumbu mpya. Kwa mtu mzima, kila moja ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 3 hadi 4. Picha nzuri ya MRI hugawanyika katika vichemraba vya milimita 1 hivi, vinavyoitwa vokseli. Programu huondoa fuvu kwanza, husawazisha mwanga wa picha, kisha hupitia vokseli moja baada ya nyingine ikiamua hii ni ya hipokampasi, ile ni ya maji ya ubongo. Mwisho huhesabu. Uchambuzi wa jumla wa tafiti uliotolewa 2009 ulionyesha kuwa hipokampasi ya mgonjwa wa Alzheimer hupungua kwa karibu asilimia 4.7 kwa mwaka, wakati ya mzee asiye mgonjwa hupungua kwa asilimia 1.4 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuonwa kwa kukodolea macho picha mbili.

Hesabu hii ilikuwapo kabla ya wimbi la sasa la akili mnemba. Programu ya FreeSurfer, iliyotumika kwa miaka mingi, huchukua saa kadhaa kumaliza ubongo mmoja. Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walitoa muundo wa mtandao wa neva bandia uitwao U-Net, na kutoka hapo kazi ya kugawa picha za hospitali ilibadilika. FastSurfer, iliyotoka Bonn, hugawa ubongo mzima kwa chini ya dakika moja ikiwa kompyuta ina kichakataji cha kufaa.

Parkinson ni habari nyingine. MRI ya kawaida ya mgonjwa wa Parkinson mara nyingi huonekana haina kasoro, na utambuzi hubaki mikononi mwa daktari anayetazama mkono unaotetemeka, mwendo wa kuburura miguu na mwandiko unaozidi kuwa mdogo. Anayeahidi kwamba programu yake itagundua Parkinson kwa picha yoyote ya MRI aulizwe maswali mengi kabla ya kulipwa.

Matokeo makubwa na makosa makubwa

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walifundisha na kujaribu mashine kwa picha 2,109 za PET za watu 1,002, zinazoonyesha jinsi ubongo unavyotumia sukari. Ilipojaribiwa kwa kundi jingine, iliwatambua wote waliokuja kupata Alzheimer, kwa wastani miezi 75.8 kabla ya daktari kutamka jina la ugonjwa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Kilichozunguka kidogo ni kwamba kundi hilo la majaribio lilikuwa na watu 40 tu.

Miaka miwili baadaye timu ya Paris iliyoongozwa na Junhao Wen na Olivier Colliot ilipitia tafiti nyingi za kutambua Alzheimer kwa MRI, ikaona kwamba zaidi ya nusu huenda ziliharibika kwa kuvuja kwa data. Kosa lenyewe ni rahisi kulifanya. Ubongo mmoja hutoa picha za vipande zaidi ya mia. Mtafiti akichanganya vipande vyote kisha akavigawa bila kuangalia ni vya nani, vipande vya mgonjwa yuleyule huingia upande wa kufundishia na upande wa kujaribia. Mashine hujifunza kumtambua mtu, si ugonjwa, na hupata alama kama za mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake. Mwanafunzi wa Kigali anayekutana na makala inayodai usahihi wa asilimia 99 ana haki ya kuuliza swali hilo la kwanza: wagonjwa waligawanywa, au vipande?

Mashine hufundishwa kwa nani

Tafiti nyingi za aina hii husimama juu ya ADNI, mradi wa Marekani ulioanza 2004 chini ya Michael Weiner, ambao picha zake zimegawiwa watafiti wa nchi nyingi walioomba. Ni ukarimu mkubwa, na bila huo somo hili lisingefika lilipo. Lakini waliopigwa picha humo wengi ni Wamarekani weupe, waliosoma miaka mingi. Mradi pia huwaacha nje watu wenye majeraha makubwa ya kichwa yaliyoacha athari, na wenye sonona kali ya karibuni.

Hapo ndipo Rwanda inapohitaji uangalifu wake yenyewe. Mtu aliyekuwa na miaka 40 wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi alitimiza 70 mwaka 2024, umri ambao Alzheimer huanza kuwa ya kawaida. Kizazi hicho kinabeba majeraha ya kichwa na majeraha ya moyo kwa pamoja. Mwaka 2018 kundi la kimataifa la watafiti wa ENIGMA na PGC lilikusanya picha za watu 1,868, likaona kwamba wenye mfadhaiko wa baada ya kiwewe wana hipokampasi ndogo kwa wastani. Basi mashine iliyofundishwa kwamba hipokampasi ndogo maana yake ni Alzheimer, ikipewa picha ya manusura wa 1994, inaweza kumpachika ugonjwa asio nao. Marekani yenyewe iliona pengo hili: ADNI ilifungua tawi la askari wastaafu wa vita vya Vietnam wenye majeraha ya ubongo na kiwewe. Manusura wa Rwanda wanastahili kuchunguzwa kwa uzito huohuo.

Umri nao unabadilika haraka. Sensa ya 2022 ilihesabu Wanyarwanda milioni 13.2 na kukadiria umri wa kuishi kuwa miaka 69.6, kutoka 51.2 katika sensa ya 2002. Nchi ya vijana inaanza kuwa na wazee wengi kuliko ilivyozoea.

Kigali ya wataalamu

Carnegie Mellon, chuo cha Marekani, kina tawi lake la Afrika mjini hapa, katika eneo la Kigali Innovation City. AIMS Rwanda, taasisi ya sayansi ya hisabati, ilianzisha mwaka 2018 shahada ya uzamili ya akili ya mashine, iliyobuniwa na Moustapha Cissé, kwa msaada wa Google na Facebook. Mei 2023 mkutano wa ICLR, mmoja wa mikutano mikubwa ya dunia katika fani hii, ulifanyika Kigali, wa kwanza wa ngazi hiyo kukutanisha watu ana kwa ana Afrika. Aprili mwaka huohuo serikali ilipitisha sera ya taifa ya akili mnemba. Kwa hiyo hoja kwamba Afrika haina watu wa kuandika programu hizi, Kigali imeijibu zamani.

Sheria nayo ipo. Sheria namba 058/2021 ya kulinda data binafsi inataka data hizo zihifadhiwe Rwanda, isipokuwa kwa kibali cha mamlaka ya usalama wa mtandao. Picha ya ubongo si namba ya simu: ukiwa na MRI kamili unaweza kuunda upya sura ya mwenyewe, ndiyo maana watafiti hufuta uso kabla ya kuwapa wengine picha. Rwanda pia ina funzo la karibu kuhusu kutegemea kampuni ya nje. Babyl, huduma ya daktari kwa simu iliyotumiwa na Wanyarwanda wengi tangu 2016, ilifungwa 2023 kampuni mama ya Uingereza, Babylon, ilipoanguka. Hospitali inayonunua programu ya kusoma picha inunue pia jibu la nini kitatokea siku muuzaji akifilisika.

Majirani

Ng'ambo ya mpaka, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kiliunganisha mwaka 2022 mashine ya MRI ya sumaku dhaifu, ya takriban tesla 0.05, pamoja na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, na wenzao wa Marekani. Mashine ya hospitali kubwa huwa na tesla 1.5 au 3. Ile ya Mbarara haihitaji heliamu ya kupozea, nayo ilikusudiwa kwanza watoto wenye maji kichwani. Picha zake ni hafifu, na akili mnemba huweza kuzing'arisha. Tahadhari imetoka hukohuko Uganda: utafiti wa 2021 uliohusu watoto hao ulionyesha kwamba picha iliyong'arishwa hivyo inaweza kuonyesha maumbo ambayo hayamo kichwani.

Funzo jingine linatoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na halina mashine kabisa. Watafiti wa Tanzania na wa Newcastle, Uingereza, walipita nyumba kwa nyumba, wakakuta wagonjwa wa Parkinson ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Katika uchunguzi mwingine walikadiria kuwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau. Vipimo vya kigeni viliwaangusha wazee wasiosoma, basi wakatengeneza kipimo cha IDEA, ambacho humtaka mzee, miongoni mwa mambo mengine, kupanga njiti nne za kiberiti kwa kufuata mfano aliowekewa. Njiti hizo zina uzito zaidi kuliko kompyuta nyingi, kwa kuwa mashine hufundishwa kwa kuambiwa huyu ni mgonjwa, yule ni mzima. Kama aliyesema hivyo alitumia kipimo kibovu, mashine itajifunza ubovu kwa uaminifu.

La kuanza nalo

Kazi inayotangulia zote Kigali ni kuwapiga picha wazee wazima wa Rwanda, waliosoma na wasiosoma, wa mjini na wa vijijini, na kurudia baada ya miaka miwili, ili uzima wao uwe kipimo. Kwa sasa programu yenye faida ya haraka zaidi ni ya kawaida: inayoonya kwenye CT kwamba damu imejikusanya chini ya fuvu baada ya mzee kuanguka, au kwamba maji ya ubongo yamezidi. Hali hizo mbili huweza kuleta usahaulifu unaofanana na Alzheimer, na zote mbili hutibika kwa upasuaji. Basi mzee wako akianza kusahau ghafla, ndani ya wiki chache, usiseme ni uzee, mpeleke hospitali.