Kifua Kikuu: Kupona kwa Wanaume na kwa Wanawake

Neno "mgonjwa" katika Kiswahili halibagui mume wala mke. Asemapo mtu "mgonjwa amepona", msikiaji hajui kama aliyetajwa ni bwana au bibi. Hesabu za kifua kikuu nazo, kwa miaka mingi, aghalabu zilisema vivyo hivyo: wote waliopona walitiwa katika jumla moja, na jumla hiyo ilificha mambo mawili yasiyofanana.

Robert Koch alitangaza kijidudu cha maradhi haya tarehe 24 Machi 1882, lakini kujua chanzo hakukuleta dawa. Hospitali ya Kibong'oto, karibu na mlima Kilimanjaro, ilipoanza mwaka 1926, tiba ilikuwa mapumziko, chakula chema na hewa safi. Streptomisini ilivumbuliwa mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Baadaye matabibu wa Afrika ya Mashariki, pamoja na wenzao wa Uingereza, walijaribu dawa rahisi ambazo nchi maskini zingeweza kuzinunua. Na katika miaka ya 1970 majaribio yao yalionyesha kwamba rifampisini yaweza kufupisha tiba hata ikawa miezi 6.

Hata hivyo miezi 6 ni mingi kwa mtu aliyekwisha kupata nafuu. Mpango wa taifa wa Tanzania, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa Karel Styblo, ulitia nguvu katika daftari: kila mgonjwa aliandikwa, akafuatwa hadi mwisho, ikajulikana kama amepona, amekufa au ametoroka tiba. Utaratibu huo ukawa mfano kwa mataifa mengine katika miaka ya 1990.

Daftari zilipochambuliwa kwa kutenga wanaume na wanawake, jambo likadhihirika. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 walikadiriwa kupata kifua kikuu duniani: wanaume 55 katika kila 100, wanawake 33, na watoto 12. Tena, katika nchi nyingi, wanaume walioanza tiba hufa au huiacha kuliko wanawake. Huenda maumbile yana sehemu yake. Lakini tumbaku, pombe, kuchelewa kwenda hospitali, na kazi za kuhamahama mbali na nyumbani zina sehemu kubwa. Kibarua asiyelipwa siku asiyofanya kazi huona siku ya kliniki kuwa hasara.

Je, yafaa kusema kwamba wanawake wamesalimika? La. Daftari humhesabu yule tu aliyekwisha kuandikwa. Mke asiye na nauli, au anayeogopa kuachwa akijulikana kuwa ana maradhi hayo, haingii katika hesabu ya waliopona wala ya waliokufa. Na hata afikaye hospitali aweza kurudishwa bila kutambuliwa. Utafiti wa Rawalpindi, Pakistani, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wanawake walioelezwa vema namna ya kutoa kohozi kutoka ndani ya kifua walionekana na vijidudu zaidi kuliko wale ambao hawakuelezwa. Kwa wanaume maelezo hayo hayakuleta tofauti kama hiyo. Hapakuongezwa dawa wala chombo, yaliongezwa maneno.

Hapo wataalamu wa lugha wana haki ya kusikilizwa. Kiswahili hutenga "mate" na "kohozi", lakini mwanamke aliyelelewa kuona haya kukohoa na kutema mbele za watu aweza kutia mate katika kikopo na kudhani ametimiza agizo. Mwuguzi asemaye "tema hapa" hajaeleza neno. Asemaye "vuta pumzi sana, kohoa kutoka kifuani, usilete mate" ameeleza.

Basi jumla moja ya waliopona haitoshi. Mwanamume aweza kupotea baada ya jina lake kuandikwa. Mwanamke aweza kupotea kabla. Wa kwanza ahitaji kliniki isiyomnyima riziki yake, wa pili ahitaji njia ya kufika na maneno ya kueleweka.