Kazi isiyo na tarehe

Programu ya kupanga kazi kwenye telefone hufuata tarehe. Kazi isiyo na tarehe inashuka chini, unaisahau. Nyiragongo njo kazi ya namna ile. Ililipuka 1977, ikarudi 2002 na kupasua Goma mpaka ziwani, kisha Siku ya Posho, 22 Mei 2021. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaamuru kartye 10 zihame. Batu bakaenda Sake, Bukavu, Rwanda. Umeme nao ulikuwa umekatika.

Basi, ipatie tarehe: kila mwanzo wa mwezi, angalia diploma, dawa, maji, na fasi ya kukutana na watoto. Andika na kwenye karatasi. Mulima haupigi hodi.