Tanzania: Adabu za Wimbo wa Taifa

Wimbo wa Taifa wa Tanzania, «Mungu Ibariki Afrika», una beti mbili: wa kwanza huiombea Afrika, wa pili huiombea Tanzania. Asili ya lahani yake ni wimbo uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini. Zambia nayo hutumia lahani hiyo, kwa maneno tofauti.

Wimbo unapopigwa, waliohudhuria husimama wima na kutulia, mikono ikinyooka ubavuni. Wanaume huvua kofia. Maofisa waliovaa sare hupiga saluti. Mazungumzo na matembezi husitishwa.

Mgeni avukaye mpaka aifahamu pia desturi ya bendera. Katika vituo vya polisi na ofisi za serikali, bendera hupandishwa saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni. Filimbi ikilia, mpita njia husimama hadi shughuli ikamilike.

Je, asiyeimba amevunja sheria? Swali hilo lilifika mahakamani baada ya wanafunzi zaidi ya 120, waumini wa Mashahidi wa Yehova, kufukuzwa au kusimamishwa masomo mwaka 2007 kwa kukataa kuimba wimbo huo shuleni. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa ushindi, ikieleza kwamba hakuna sheria iliyowalazimisha kuimba.

Kwa hiyo, asiyeujua wimbo, au ambaye imani yake haimruhusu kuuimba, asimame kimya kwa staha.