Kisu na Mizizi

Kwa babu yangu, Kwashemshi, mbwa hufugwa alinde mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Popi alipoota uvimbe chini ya mkia, mwekundu, wenye kuvuja damu, babu alimwita bwana mifugo kwa sababu msimu wa mahindi ulikuwa umekaribia. Uvimbe ukakatwa, jeraha likashonwa. Baada ya miezi michache ukarudi palepale.

"Mizizi imebaki," babu akasema. "Kansa haiguswi kwa kisu. Ukiigusa, unaiamsha."

Ningeyasahau maneno hayo kama shangazi asingeyarudia miaka minne baadaye, alipoambiwa hospitalini kwamba uvimbe wa titi lake ukatwe. "Hukumwona Popi, mwanangu?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu, ndipo nikaanza kusoma. Popi hakupimwa kwa hadubini, lakini daktari wa mifugo niliyemsimulia alisema dalili zile ni za uvimbe ambao mbwa huambukizana, hasa wakipandana. Historia yake iliyoandikwa inaanzia mbali na Korogwe. Mwaka 1876, katika jiji la St Petersburg, Mrusi Mstislav Novinsky alichukua vipande vya uvimbe wa mbwa mmoja akavipandikiza chini ya ngozi ya mbwa wengine. Vingi vilikufa, vichache vikashika na kukua. Alikuwa mwanafunzi kama mimi: mwaka 1877 aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa saratani kuhamishwa hivyo kutoka mnyama hadi mnyama na ikaota.

Kilichohama ni nini? Jibu la uhakika lilipatikana mwaka 2006, baada ya watafiti kulinganisha vinasaba vya uvimbe wa mbwa wa nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo. Uvimbe haukufanana na mbwa aliyeubeba. Ulifanana na uvimbe wa mbwa wengine. Chembe zenyewe za saratani ndizo zinazohama. Utafiti wa mwaka 2019, uliochunguza uvimbe wa mbwa 546, ulikadiria kwamba zote zimetokana na mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita.

Kwa hiyo babu alikuwa na nusu ya ukweli. Uvimbe wa aina hii ukikatwa bila kwisha, au chembe zake zikimwagika kwenye jeraha, huota tena kama pingili za muhogo zilizoachwa shambani. Lakini haukuamshwa na kisu. Ulibakizwa.

Na dawa ilikuwepo. Vinkristini hutokana na ua la Madagaska, lile la waridi lenye petali tano ambalo shangazi amelipanda mbele ya nyumba yake. Marekani iliiruhusu kutumika kwa wagonjwa mwaka 1963, na kule Mulago, Uganda, ikawa miongoni mwa dawa za watoto wenye limfoma ya Burkitt. Mbwa wenye uvimbe kama wa Popi wakichomwa sindano yake mara moja kwa wiki, kwa wiki chache, wengi hupona bila kukatwa.

Nilimweleza shangazi yote hayo tukiwa tumekaa karibu na maua yale. Alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo wangu sikuambukizwa na mtu?"

"Hapana, shangazi. Umeota kwenye mwili wako mwenyewe. Ndiyo maana wanataka kuukata mapema, pamoja na nyama nzima iliyouzunguka, kabla haujasambaa."

"Na hautarudi?"

Hapo ndipo ningeweza kumdanganya. Nikamwambia kwamba unaweza kurudi, ila ukiachwa hautatulia.

Alikwenda mwezi uliofuata. Akakatwa. Sasa kila akienda kupimwa hunipigia simu akiwa njiani, na hakuna kati yetu anayemtaja Popi.