Jeshi la nani?

Wadau, tukisikia jeshi linaenda na wakati, wengi tunawaza silaha mpya. Mimi nasomea ualimu wa historia, na kila nikiliwaza hili narudi 1964.

Januari 20 mwaka huo askari wa Tanganyika Rifles pale Colito (leo Lugalo), Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mshahara upande na maofisa wa Kiingereza waondoke. Nchi ilikuwa huru tangu 1961, ila jeshi lilikuwa lilelile la mkoloni, limebadilishwa jina tu. Mwalimu Nyerere ikabidi awaombe Waingereza haohao waje kuzima uasi. Aibu kweli kweli!

Hakuweka viraka. Alilivunja, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, vijana wengi wakitokea TANU. Yaani swali la kwanza halikuwa jeshi lina bunduki gani, bali ni la nani. Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978 alilijua jibu: Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Lakini dunia haikusimama. Vita Baridi viliisha, 1992 vikaja vyama vingi, na askari aliyekuwa mwanachama wa chama akakatazwa kujiunga na chama chochote. Dawa ya 1964 ilishapitwa. Mwaka 2013 jeshi hilohilo likawa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, likipambana na M23.

Silaha zinanunuliwa, jamani. Swali la "la nani" kila kizazi kinalijibu upya. Nyie mnaonaje?