Kodi Iliyomo Ndani ya Bei: Nyamityobora na Nakivale katika Historia ya VAT Uganda

Tunapojifunza historia ya kodi nchini Uganda, kwa kawaida tunaanzia kwa mkoloni. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulileta kodi ya nyumba na kodi ya bunduki, na mwaka uliofuata Ankole nayo ikawa na mkataba wake. Baadaye ikaja kodi ya kichwa iliyopangwa kwa madaraja ya kipato. Aliyeilipa alitembea na tikiti yake, na asiyekuwa nayo alikimbilia porini akisikia watoza kodi wanakuja. Katika insha hii nitaonyesha kwamba Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ni kodi ya namna nyingine. Haikwepeki kwa kukimbia, kwa kuwa imo ndani ya bei, na mgogoro wake mkubwa umekuwa juu ya kumbukumbu za biashara: nani ana risiti inayokubalika na nani hana.

VAT ilianzia Ufaransa mwaka 1954. Kenya iliianzisha mwaka 1990, Uganda tarehe 1 Julai 1996, na Tanzania mwaka 1998. Hapa Uganda ilichukua nafasi ya kodi ya mauzo, kwa kiwango cha asilimia 17. Wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kuipinga. Walitakiwa kutunza vitabu vya hesabu ambavyo wengi wao hawakuwa navyo. Serikali ilipandisha kima cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili, kutoka shilingi milioni 20 kwa mwaka hadi milioni 50. Mwaka 2015 kima hicho kilipandishwa hadi milioni 150.

Mwaka 2005 yalitokea mambo mawili ambayo ni vizuri kuyasoma pamoja. Kodi ya kichwa ilisimamishwa, na VAT ikapanda hadi asilimia 18. Wananchi walishangilia kuondoka kwa tikiti. Ni wachache waliotazama bei ya sabuni.

Mtaani kwetu Nyamityobora, mjini Mbarara, mara nyingi nasikia wenye maduka madogo wakisema, “VAT hainihusu, mimi sijafika huko.” Kisheria wanasema kweli. Lakini tuchukue mfano wa hesabu. Muuza jumla aliyesajiliwa ananunua sabuni ya shilingi 1,000,000 na kulipa VAT ya 180,000. Anaiuza kwa 1,200,000 na kutoza VAT ya 216,000. Anatoa 180,000 aliyokwisha kulipa, na anapeleka kwa Mamlaka ya Mapato, URA, shilingi 36,000 tu. Mnunuzi wake ni mwenye duka kutoka kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambaye hajasajiliwa. Yeye amelipa 1,416,000, wala hana pa kudai zile 216,000. Njia yake ni kuziingiza katika bei. Atakayezilipa mwishowe ni mama wa Kikongo au wa Kirundi anayenunua kipande kimoja cha sabuni, katika miaka hii ambayo msaada wa chakula kwa wakimbizi umepunguzwa.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara, na maduka ya Nakivale ni ushahidi kwamba ruhusa hiyo imetumika. Kwa hiyo si haki kusema kwamba wakimbizi hawachangii hazina ya nchi. Maharage na ndizi mbichi zimesamehewa VAT, lakini mkimbizi anayenunua sabuni iliyopita kwa muuza jumla kama huyo amechangia, ingawa jina lake halimo katika daftari lolote la kodi.

Mwalimu anaweza kuuliza: kwa nini mwenye duka asijisajili kwa hiari? Sheria inamruhusu aombe. Lakini akisajiliwa atatakiwa kupeleka ritani kila mwezi, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita, na kutoa risiti kupitia mfumo wa kielektroniki wa EFRIS, ulioanza kutumika mwaka 2021. Atatoza asilimia 18 wakati jirani yake hatozi, na wateja wake hawana mahali pa kuidai. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka tena, safari hii wakiulalamikia mfumo huo wa EFRIS. Kati ya 1996 na 2024 kitabu cha hesabu kimegeuka kuwa simu na kompyuta, lakini lalamiko linafanana.

Kwa kuhitimisha, naona kwamba tukiandika historia ya VAT kwa kutumia orodha ya waliosajiliwa peke yake, tutaandika historia ya wanaoipeleka kodi na kuwaacha wanaoilipa. Hao wa pili tutawapata kwenye bei za rejareja za Nyamityobora na Nakivale, na huko ndiko utafiti wetu unapaswa kuanzia.