Ng'ambo ya Busisi

Zamani, msafiri wa kutoka Bariadi kwenda Geita alikuwa na safari ya vipande viwili. Cha kwanza kilikuwa cha lami: unateremka Lamadi, unashika njia ya Magu, unapita Kisesa na Mwanza mjini, halafu Usagara, halafu Kigongo. Cha pili hakikufika hata kilomita nne, na ndicho kilichokula siku. Hapo basi lilijipanga nyuma ya malori, kondakta akatangaza abiria wote washuke, na foleni ya kivuko ikaanza.

Waliozoea walikuja wamejiandaa. Sato wa kukaanga kwenye beseni, karanga za moto kwenye karatasi, mama aliyetandika khanga kivulini mtoto apate kulala. Saa mbili zilipita, wakati mwingine tatu, na ziwa likichafuka hakuna aliyehesabu tena. Gari la wagonjwa lilipewa nafasi ya mbele, lakini nalo lilibaki limewasha taa likiyakodolea macho maji mpaka kivuko kirudi kutoka Busisi, ng'ambo. Siku hizi kipande hicho hicho gari linakimaliza kwa dakika zisizozidi tano, juu ya Daraja la J.P. Magufuli.

Maji yenyewe ni mkono wa Ziwa Victoria unaoingia kusini kiasi cha kilomita 60, ukiitenga Mwanza na Sengerema. Mwingereza John Hanning Speke aliufuata mkono huu akitokea Tabora, na tarehe 3 Agosti 1858, akiwa kwenye kilima karibu na Mwanza ya leo, akaliona ziwa likifunguka mbele yake. Ramani za wakoloni ziliuita Smith Sound. Miaka 17 baadaye alikuja Henry Morton Stanley, akapiga kambi Kagehyi, upande wa Magu, akaandika kwamba mto Simiyu ndio mkono wa mbali kabisa wa Nile upande wa kusini. Jiografia ya baadaye haikumuunga mkono, lakini jina la Simiyu lilisomwa Ulaya zaidi ya karne moja kabla ya kuwa mkoa, jambo lililotokea mwaka 2012 tu, Bariadi ikawa makao makuu.

Wasukuma hawakuhitaji ramani ya Stanley kujua ng'ambo kuna nini. Kufikia miaka ya 1940 ardhi ya katikati ya Usukuma ilikuwa imechoka: watu wengi, ng'ombe wengi zaidi, na mmomonyoko. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliolenga, pamoja na mengine, kuwapunguza watu na mifugo katikati na kuwafungulia mapori ya pembezoni. Geita ilikuwa pori mojawapo. Amri za mpango zilichukiwa sana, hasa zile zilizogusa mifugo, kwa maana kumpangia Msukuma idadi ya ng'ombe ni kumwingilia mahari ya wanawe. Lakini ardhi mpya ilipendwa. Katika miaka ya 1950 familia kwa familia zilihamia ng'ambo, zikafyeka na kupanda pamba katika nchi ya Wazinza, na leo ukishuka Sengerema au Geita sokoni utasikia Kisukuma kila upande.

Ndiyo maana vivuko vya Kigongo–Busisi havikubeba bidhaa tu. Vilibeba matanga, harusi na kesi za urithi. Mkubwa alibaki Maswa au Itilima, mdogo akajenga Geita, na kila tukio la ukoo lilimlazimu mmoja wao kupanga foleni. Pamba ya Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo, haikuwa na haja ya Busisi, kwa kuwa njia yake ni ya mashariki kuelekea bandarini. Watu ndio waliokuwa na haja.

Ziwa lenyewe halina mzaha. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, watu 228 wakapoteza maisha. Busisi haikupata msiba wa kiasi hicho, lakini kila aliyepanda kivuko alikuwa na hesabu hiyo kichwani.

Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la daraja tarehe 7 Desemba 2019. Wapo walionong'ona kwamba daraja liko kwenye njia ya kwao Chato, na kweli liko, kama lilivyo kwenye njia ya Bukoba na ya Rwanda. Kazi walipewa Wachina, kampuni za CCECC na China Railway 15th Bureau, chini ya wakala wa barabara, TANROADS, na fedha, zaidi ya shilingi bilioni 700, zikatoka hazina ya serikali yenyewe.

Kujenga nyumba unaanza na msingi. Hapa walianza na daraja jingine. Njia ya muda ya vyuma ilisukumwa kutoka ufukweni hatua kwa hatua ili kreni na mashine za kuchimba zifike kati ya maji. Baada ya hapo mabomba makubwa ya chuma yakadidimizwa hadi kwenye ardhi ngumu, tope likachimbwa ndani yake, nondo zikashushwa na zege likamwagwa. Sehemu kubwa ya daraja, lenye urefu wa kilomita tatu, imekaa juu ya mihimili iliyolazwa kutoka nguzo hadi nguzo. Katikati tu, kwa mita 520, ndipo zinapoonekana nguzo kuu tatu zenye urefu wa mita 40, zimeachana mita 160, nyaya zimetoka kila upande kushika barabara. Nguzo ni fupi kuliko za madaraja mengine ya nyaya kwa sababu nyaya hapa zinasaidia tu. Uzito mwingi unabebwa na zege lenyewe, na chini yake vyombo vya majini vinapita.

Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, nguzo nyingi zikiwa hazijasimama. Mrithi wake, Samia Suluhu Hassan, alifungua daraja tarehe 19 Juni 2025, katika safari ile ile iliyomfikisha Simiyu siku chache kabla. Tanzania ina desturi ya kuwakumbuka marais wake kwa madaraja: Mkapa ana la Rufiji, la mita 970, tangu 2003, Nyerere ana la Kigamboni, la mita 680, tangu 2016, Kikwete ana la Malagarasi. La Busisi limeyaacha yote mbali. Hata hivyo jina refu halijaingia midomoni mwa wengi. Stendi ya Bariadi ukiuliza, utaambiwa gari linapita "darajani Busisi".

Pembeni, nje ya njia nne za magari, kuna njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa mita mbili na nusu. Jioni watu wa Kigongo huitumia kutembea, simu mkononi, wakipigana picha na nyaya nyuma yao. Mabasi ya usiku nayo yanapita bila kupunguza mwendo sana, na abiria wengi wa Geita wanavuka wakiwa wamelala.